Deni la Wenye Kuhesabu Watu

Katika kazi zote za elimu hapana iliyo karibu zaidi na maisha ya mtu wa kawaida kuliko ile ya kuchunguza idadi ya watu, maisha ya jamaa na tofauti za hali baina ya wenye nacho na wasio nacho. Mnajimu hutazama nyota, na nyota hazimdai kitu. Mjuzi wa miamba hupiga jiwe nyundo, na jiwe haliulizi nyundo imekuja kwa idhini ya nani. Bali mwenye kuchunguza watu huingia nyumbani mwao, huketi juu ya kigoda chao, humwuliza mama amezaa wangapi na amezika wangapi, humwuliza baba ana ng'ombe wangapi na ekari ngapi, kisha huuliza hata mambo ambayo mke hamwelezi mumewe. Mtu akishajibu maswali hayo ametoa kitu ambacho hajapata kumpa jirani yake. Aliyekipokea amekopa, na mwenye kukopa hana budi kulipa. Hoja ya insha hii ni kwamba katika nchi ya Mara deni hilo halijalipwa, na kwamba vyuo vikuu vimejenga ngazi ya vyeo ambayo humtunuku asiyelipa.

Bomani ni kata ya mji wa Tarime, na jina lake latosha kuwa somo. Boma ndilo lililokuwa makao ya serikali ya kikoloni: huko ndiko kulikokuwa na mkuu wa wilaya, daftari la kodi, mahakama na bendera. Mtu wa vilima vya Bukuria aliyeitwa bomani hakwenda kutembea; alikwenda kulipa, au kushtakiwa, au kuandikwa. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1897, na Waingereza wakaiendeleza kwa sheria yao ya kodi ya nyumba na ya kichwa ya 1922. Kwa kuwa kodi ilifuata nyumba, mwenye wake watatu alilipia nyumba tatu. Dhuluma ilikuwamo katika kodi ile, walakini msomaji na aweke akilini jambo moja: mtoza kodi aliziona zile nyumba tatu. Tamaa ya fedha ilimfundisha hesabu ambayo, kama itakavyoonyeshwa, wataalamu wengi waliomfuata hawakujifunza.

Baada ya uhuru kuhesabu kulipata shabaha nyingine. Sensa ya 1967, ya kwanza katika nchi huru, ilikuta watu milioni 12 na ziada katika Tanzania nzima. Sensa ya 2022 ikakuta 61,741,120. Mkoa wa Mara peke yake ulikuwa na watu 1,743,830 mwaka 2012, ukawa na 2,372,015 mwaka 2022. Ziada ya watu zaidi ya 600,000 katika miaka kumi ni ziada ya madarasa, ya visima, ya wakunga na ya vijana watafutao shamba mahali ambapo babu zao walichagua walipopenda. Serikali isiyojua idadi ya watu wake ni kama mama anayepika asijue wangapi watakula. Kwa hivyo hapana mwenye akili atakayeilaumu sensa, wala karani wa sensa aliyepanda vilima katika jua la Agosti kutafuta mlango wa mwisho.

Lawama haielekei huko. Sensa ni kizingiti tu. Wanaoingia ndani ni wataalamu. Nao wamekuja Bukuria kwa muda mrefu, wengine wakiwa watu wa bidii na heshima kubwa. Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa elimu ya jamii wa serikali ya Tanganyika, aliandika juu ya milki ya ardhi ya Bukuria mwaka 1947. Malcolm Ruel alikaa kwa Wakuria katika miaka ya 1950, akaandika juu ya marika yao mwaka 1962 na juu ya dini na jamii yao mwaka 1965. Hugo Huber alitoa mwaka 1973 kitabu juu ya ndoa na jamaa katika nchi ya Wakwaya, katika mkoa huo huo wa Mara. Eva Tobisson alichunguza maisha ya jamaa za Wakuria wa Tarime, na kitabu chake kikatoka Göteborg, Uswidi, mwaka 1986. Michael Fleisher alichunguza wizi wa ng'ombe mpakani mwa Tanzania na Kenya, na kitabu chake kikachapishwa Michigan, Marekani, mwaka 2000. Kazi hizo ni nzuri, na baadhi yake zina maarifa yasiyopatikana pengine popote. Walakini zote zimeandikwa kwa Kiingereza, na vile vitabu vitatu vilichapishwa ng'ambo. Mtoto wa Bomani atakaye kujua babu yake alisema nini juu ya mahari ya shangazi yake hana budi kwanza ajifunze lugha ya kigeni, kisha atafute nauli au mfadhili wa kumfikisha penye maktaba ilimo habari ya nyumba yao wenyewe.

Mtu aweza kusema kwamba hao walikuwa wageni, na mgeni huondoka na alichopewa. Basi na watazamwe wenyeji. Kijana hutoka kwao na bidii yake, akafika chuo kikuu, akapata shahada ya kwanza, kisha ya pili, kisha akataka uzamivu. Huchagua somo la uzazi, au la ndoa, au la umaskini wa vijijini. Hurudi katika wilaya kama ya Tarime au ya Serengeti na hojaji chini ya kwapa, pamoja na wadadisi wanne waliofunzwa kwa siku chache. Mwenyekiti wa kijiji huwapokea, wazee huwapa baraka, akina mama huacha jembe wakajibu maswali kwa saa nzima. Kijana huondoka na karatasi zake. Tasnifu huandikwa kwa Kiingereza, hutetewa kwa Kiingereza, huwekwa rafuni. Kisha hutolewa humo makala mbili au tatu, zikapelekwa kwa majarida ya nje, na kwa makala hizo mhadhiri huwa mhadhiri mwandamizi, na mhadhiri mwandamizi huwa profesa mshiriki, na profesa mshiriki huwa profesa. Katika kila kipandio huulizwa ameandika wapi na amenukuliwa na nani. Haulizwi kama yule mama aliyeacha jembe amepata kujua majibu yake yalimaanisha nini. Kijana mwenyewe si mwovu. Ameingia katika nyumba iliyojengwa hivyo, akapita katika mlango alioonyeshwa. Lakini mlango huo ndio unaoshtakiwa hapa.

Yamkini msomaji atasema kwamba hili ni neno la adabu tu, kwamba mgeni aseme asante kabla ya kuondoka. Lau lingekuwa la adabu tu, lisingestahili karatasi nyingi. Ubaya ni kwamba elimu isiyorudi kwa wenyewe hukosa wa kuisahihisha, na elimu isiyosahihishwa hukosea kwa miaka mingi huku ikipigiwa makofi. Ushahidi wa neno hili umo katika neno moja dogo, nalo ni kaya.

Kaya kwa maana ya wahesabuo ni mtu mmoja au watu kadhaa wakaao pamoja na kula pamoja, wenye mmoja wanayemtambua kuwa mkuu wao. Maana hiyo hufaa sana kwa chumba cha kupanga cha Dar es Salaam. Katika mji wa Mkuria wa jadi mna jambo jingine. Mume ana wake, na kila mke ana nyumba yake. Na nyumba si kuta na paa tu, bali ni milki. Kila nyumba ina shamba lake na ng'ombe wake. Binti wa nyumba hii akiolewa, ng'ombe wa mahari yake huingia katika nyumba hii, wala si katika ile ya pili, na kwa ng'ombe hao ndugu yake wa tumbo moja huoa. Kwa hivyo ndugu wawili wa baba mmoja, waliokua katika ua mmoja, wanaweza kuwa mmoja tajiri na mmoja fukara, kwa sababu mama wa huyu alizaa mabinti watatu na mama wa yule hakuzaa hata mmoja. Hapo ndipo tofauti za hali zinapozaliwa. Sasa mdadisi akiandika mji wote kuwa kaya moja yenye ng'ombe ishirini, amemficha fukara chini ya kivuli cha ndugu yake. Akigawanya mji katika kaya nyingi kwa vyungu vya kupikia, ameona vyungu, asione ng'ombe wa nyumba hii waliowekwa kwa rafiki ng'ambo ya Mto Mara. Mtoza kodi wa zamani alihesabu nyumba kwa sababu ya ulafi. Mtaalamu wa leo amepitwa naye kwa sababu ya hojaji.

Wala hilo si kubwa kuliko yote. Wakuria wana desturi iitwayo nyumba ntobhu. Mwanamke mtu mzima asiyejaliwa mtoto, au asiyejaliwa mtoto wa kiume, hutoa ng'ombe wa mahari akaoa mwanamke kijana. Huyu kijana huzaa na mwanamume, lakini watoto ni wa nyumba ya yule mama mkubwa, na jina la nyumba halifi. Kikuria humwita kijana huyu mokamona, na Kiswahili kina ndugu wa neno hilo, yaani mkazamwana, mke wa mwana. Kwa maana hiyo ameolewa kwa niaba ya mwana asiyezaliwa. Wako wanaoisifu desturi hii wakisema humpa mjane heshima na humwepusha kijana na kipigo cha mume. Wako wanaoilaumu wakisema mwenye kuolewa hivyo aghalabu ni binti wa maskini, ambaye ng'ombe wake wamekwisha kuliwa kabla hajaulizwa rai yake. Pande zote mbili zina la kusema, na ilistahili elimu ya jamaa iwaamulie kwa ushahidi.

Je, elimu hiyo yaweza kumwona mokamona? Katika uchunguzi mkuu wa afya na uzazi unaofanywa nchini kila baada ya miaka kadhaa, wanawake waulizwao maswali yao ya uzazi na ndoa ni wa miaka 15 hadi 49. Mama mkubwa, ambaye ndiye aliyeoa, kwa kawaida amekwisha kupita umri huo. Basi maswali hayo hayamfikii. Mokamona yumo ndani ya umri, naye huulizwa kama ameolewa au anaishi na mwanamume kana kwamba ameolewa. Akijibu ndiyo, amesema uongo, maana hakuolewa na mwanamume. Akijibu hapana, amesema uongo mkubwa zaidi, maana mahari yake yamelipwa na wazee wameshuhudia. Kisha huulizwa ana uhusiano gani na mkuu wa kaya. Huenda akaandikwa mkwe, na yule mwana aliyemfanya mkwe hana mstari katika karatasi, kwa kuwa hakuzaliwa. Au huenda akaandikwa kuwa si jamaa. Huko mbele, katika jedwali, atatokea kama mwanamke asiye na mume mwenye watoto, na mtaalamu atamhurumia kwa kosa asilolitenda na kusahau shida aliyo nayo kweli.

Shida aliyo nayo kweli ni hii. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaeleza ndoa kuwa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke. Nyumba ntobhu haimo katika maelezo hayo. Mama mkubwa akifa, na ndugu za marehemu mumewe wakija kudai shamba na ng'ombe, mokamona atasimama mbele ya hakimu kwa jina gani? Si mjane, kwa kuwa sheria haikujua kwamba aliolewa. Si binti, kwa kuwa kwao ni kwingine. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi kwa sababu ya uanawake wake. Hiyo ni ngao njema, lakini ngao huhitaji mtu wa kumwambia mwenyewe kwamba ipo. Jambo jingine: Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ilipothibitisha mwaka 2019, zilitamka kwamba kumruhusu binti aolewe akiwa na miaka 14 au 15 ni kinyume cha Katiba. Hukumu hiyo ilikuwa ushindi kwa mabinti wote. Walakini ilizungumza juu ya ndoa inayotambuliwa na sheria. Binti aliyetolewa kwa ng'ombe katika mkataba ambao sheria hauuiti ndoa amesimama nje ya mlango huo. Ijapokuwa sheria nyingine za kumlinda mtoto zingaliko, hesabu ya ndoa za utotoni, ambayo huuliza habari za kuishi na mume tu, haitamtaja. Asiyehesabiwa hapangiwi, na asiyepangiwa hatetewi. Hapa kosa la hojaji si kosa la karatasi tena. Ni kosa linaloanguka juu ya kichwa cha mtoto.

Na litazamwe jambo la ukeketaji, ambalo ndilo limeifanya Tarime na Serengeti kutajwa sana katika ripoti. Sheria ya 1998 ilifanya kuwa jinai kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Uchunguzi wa 2015 na 2016 ulikuta asilimia 10 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 nchini wamekeketwa, na katika Mara asilimia 32; uchunguzi wa 2022 ukakuta asilimia 8 nchini na 28 katika Mara. Tarakimu hizo zina manufaa, na si haba kwamba zinashuka. Lakini Mara si kabila moja. Wajaluo wa Rorya hawana mila hiyo, Wakuria wanayo. Kuchanganya hesabu zao na kutangaza wastani wa mkoa ni kuchanganya maziwa ya zizi moja na maji ya visima vitano, kisha kutangaza ladha ya kinywaji. Mzee wa Kikuria akiisikia asilimia 28 hujua mara moja kwamba habari hiyo si ya kijiji chake, na akisha kuijua kuwa si ya kijiji chake huona hana la kujibu. Tena mwenye kuulizwa anajua kwamba jibu lake lina jela nyuma yake. Tarakimu iliyosomwa mbele ya wanakijiji, wakaijadili, wakaikataa au wakaikiri, ingekuwa na nguvu ya kubadili moyo. Tarakimu iliyosomwa katika ukumbi wa hoteli mjini haina nguvu ila ya kuomba fedha za uchunguzi mwingine.

Watetezi wa mwenendo uliopo wana hoja, na ni haki zisikizwe. Hoja ya kwanza husema kwamba maneno ya hojaji hayana budi yawe mamoja duniani kote ili Mara ilinganishwe na Mali na Malawi. Jawabu ni kwamba kulinganisha ni kwema, lakini vitu hulinganishwa baada ya kujulikana, si kabla. Mwenye kupima mahindi na asali kwa kibaba kimoja atapata ujazo ulio sawa, wala hatajua kipi kitamshibisha. Hapana kinachokataza hojaji ya dunia nzima iongezewe ukurasa mmoja wa nchi, ulioandikwa baada ya kukaa na wazee na akina mama na kuuliza: hapa, nyumba ni nini?

Hoja ya pili husema kwamba Kiswahili hakitoshi kwa elimu hiyo. Hoja hii ingechekesha lau isingekuwa na madhara. Wilayani Tarime mdadisi huuliza kwa Kiswahili, na pale Kiswahili kinapopungua huuliza kwa Kikuria kwa kinywa cha mkalimani. Hojaji yenyewe ilitafsiriwa kwa Kiswahili kabla ya kutoka ofisini. Lugha iliyotosha kuuliza ndiyo iliyotosha kujibu, na iliyotosha kujibu itakosaje kutosha kueleza majibu? Sensa, idadi, uzazi, vifo, kaya, uhamaji, umri, wastani, asilimia: maneno haya yanasikika redioni kila siku. Ofisi ya Taifa ya Takwimu yenyewe imetoa sehemu ya taarifa za sensa kwa Kiswahili, wala takwimu hazikuharibika. Mtu wa mkoa huo huo wa Mara, Julius Nyerere wa Butiama, alitafsiri tamthilia ya Shakespeare kwa Kiswahili mwaka 1963 huku akibeba mzigo wa urais. Profesa asiyeweza kueleza jedwali lake kwa lugha aliyoulizia maswali hajapungukiwa na lugha. Amepungukiwa na nia.

Hoja ya tatu husema kwamba wanakijiji hawana haja na takwimu. Historia ya nchi hii yakataa. Mwaka 1973 ilifanywa kampeni ya Mtu ni Afya: redio ilisema, vijitabu vya Kiswahili vikasomwa, na watu wapatao milioni mbili wakakaa katika vikundi vya kujifunza habari za maji, vyoo na malaria. Wengi wao walikuwa wametoka kujifunza kusoma. Katika miaka hiyo hiyo ya 1970 Marja-Liisa Swantz na wenzake, wakifanya kazi katika Wilaya ya Bagamoyo, walionyesha kwamba mwanakijiji aweza kuwa mshirika wa uchunguzi, akachunguza pamoja na mtaalamu badala ya kuchunguzwa tu. Njia hiyo ilisifiwa mbali na nchi hii. Ajabu ni kwamba sifa zilisafiri, na njia yenyewe ikaota majani.

Hoja ya nne ni ya fedha: safari ya kurudi ina gharama. Lakini safari ya kwenda ilipata fedha, na safari ya kwenda mkutanoni ng'ambo kusoma matokeo hupata fedha. Mwenye nauli ya kuvuka bahari asiyekuwa na nauli ya kurudi alikotoka ameeleza, bila ya kuulizwa, nani anayemwona kuwa mwenye haki ya kumsikia.

Basi na lifanywe nini? Si jambo la kuunda tume. Wakuria wanalo baraza la hadhara linaloitwa ritongo, ambalo kwalo mambo ya jamii husemwa waziwazi na kila mtu mwenye neno hupewa nafasi. Na kila kijiji cha Tanzania kina mkutano mkuu wake kwa mujibu wa sheria. Chuo kikuu na kiseme kwamba tasnifu juu ya watu haitahesabiwa kuwa imekamilika mpaka matokeo yake yamesomwa kwa Kiswahili mbele ya mkutano kama huo, na yale waliyoyakosoa wenyewe yakaandikwa katika sura ya mwisho. Kwa kuwa katika ritongo sauti za wazee wa kiume aghalabu hutangulia, na wafanye pia kikao cha akina mama peke yao, maana mokamona hatasema mbele ya waliokula ng'ombe wake. Majina ya watu yasitajwe. Siri ya mtu ni amana, na kurudisha elimu si kutangaza habari za mlango wa jirani. Muhtasari wa Kiswahili, wa kurasa chache, na uwekwe katika ofisi ya kijiji na katika maktaba za shule za sekondari za wilaya, ili mwanafunzi wa Tarime au wa Mugumu asome juu ya kwao kabla hajasoma juu ya kwingine. Mwisho, kamati za vyeo na ziupe muhtasari huo, na kila makala ya Kiswahili iliyopimwa na wajuzi, thamani ile ile ipewayo makala ya jarida la ng'ambo. Hili la mwisho ndilo zito, kwa kuwa watu hufuata njia yenye malipo, na mawaidha bila malipo ni mvua juu ya mwamba.

Itasemwa kwamba kwa masharti hayo makala zitapungua. Na zipungue. Nchi haijapata kudhurika kwa uchache wa makala. Imedhurika kwa majedwali yaliyomhesabu mokamona kuwa mwanamke asiyeolewa, na kwa wastani uliowaacha wazee wa vijiji wakiamini kwamba habari si zao, na kwa maprofesa wanaojua kiwango cha uzazi cha mkoa hata nukta ya pili lakini hawajui wamjibu nini mama aliyewauliza, walipokuwa wakifunga mikoba yao, kama watarudi.

Swali hilo la mama ndilo linalobaki. Mtoza kodi wa boma hakuulizwa kama atarudi, kwa kuwa ilijulikana kwamba atarudi mwakani, na kurudi kwake kulichukiwa. Mtaalamu huulizwa kwa sababu kurudi kwake kunatakiwa. Tofauti baina ya mtu anayechukiwa akirudi na mtu anayengojewa ni heshima kubwa ambayo watu wa Bukuria wameitoa kwa elimu bila ya kuombwa. Elimu isiyoitika heshima hiyo, hata ikivikwa joho na kofia, ni kodi nyingine iliyokusanywa na kupelekwa bomani.